Jua Lililokataa Kuingia Mlangoni

Asubuhi ile jua lilipokataa kuingia mlangoni, watu wote waliopanda mlimani kwa mwito wangu waligeuka kunitazama, kama kwamba nimelificha chini ya buibui.

Sikulificha. Nilikosea. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo wapo watu hapa Ibra, Oman, wanaoisimulia habari hii na kuishia hapo, pale walipocheka. Mimi siishii hapo.

Nianze na mlima wenyewe. Ukiiacha lami, ukashika njia ya changarawe kama nusu saa hivi, unafika kijiji chenye mitende na mfereji wake wa maji, falaji. Juu ya kijiji, kwenye mgongo wa mlima, kuna makaburi ya watu wa kale. Si makaburi ya kulala chini kama yetu. Haya yamesimama. Ni minara ya duara, mirefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, na kila mmoja una mlango mdogo chini, wa kuingia kwa kutambaa. Mnara ulio mkubwa kuliko yote umeanguka paa, umebaki wazi juu kama chungu kisicho na kifuniko. Waliojenga hawakuacha hata jina. Wanakijiji wanasema ni kazi ya majini. Bibi yangu, mzaa baba, anasema majini hawana subira ya kupanga mawe namna ile. Hiyo ni kazi ya wanaume waliosimamiwa na wake zao.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Skuli nilimaliza, lakini kwa kusukumwasukumwa, na chuo hakikuniita. Nikawa nipo nyumbani, namsaidia Bibi kukaanga visheti na vitumbua vya kupeleka soko la wanawake kila Jumatano. Kazi hiyo siidharau, vidole vyangu mpaka leo vinanukia iliki. Lakini kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Mjini Nizwa kulikuwa na mafunzo ya kuongoza wageni, kuwatembeza kwenye ngome na majabali na kuwaeleza habari zake, na hawakutaka zaidi ya cheti cha skuli. Cheti ninacho! Kibaya kilivyo, kina jina langu.

Baba ndiye aliyekuwa hataki. Si mkali Baba, tena ni mpole kupita kiasi, lakini ana kidonda kimoja. Alifika Oman mtoto wa miaka saba, kutoka Zanzibar, hajui neno la Kiarabu. Miaka miwili mizima wenzake darasani walimcheka kila alipofumbua mdomo. Sasa ni mtu mzima, karani wa serikali, Kiarabu anakiandika kuliko hao waliomcheka, na bado akisikia watu wanacheka barabarani anaangalia kanzu yake kama imechafuka. Kwake yeye, kazi ya kusimama mbele ya watu na kusema ni kazi ya kujitafutia kuchekwa.

Basi siku moja nikaona kwenye simu watu wa nchi za baridi wamekesha kwenye mawe yao ya kale. Wamevaa maua kichwani, wanasubiri jua la siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka. Lilipochomoza walipiga kelele utadhani wamefunga goli. Nikajiambia, na sisi mawe tunayo, jua tunalo, tena letu linalishinda lao mara kumi. Tumepungukiwa nini? Maua ya kichwani tu.

Tena nilikuwa na ushahidi. Mwezi wa tatu mwaka ule tulikwenda mlimani alfajiri, familia nzima, kunywa chai. Kwa macho yangu nililiona jua likichomoza na kuingia kwenye mlango wa ule mnara mkubwa mpaka ukuta wa nyuma, likaung'arisha kama taa ya harusi. Nikapiga hesabu yangu. Ikiwa mwezi wa tatu, jua likiwa bado la upole, limefika ukutani, basi mwezi wa sita, jua likiwa na nguvu zake zote, si litaingia maradufu? Hiyo ndiyo hesabu, na wallahi niliiona nzuri.

Nikamwendea Baba.

"Sherehe ya jua?" alisema. "Mwezi wa sita? Huku kwetu?"

"Ndiyo, Baba. Jumamosi, siku ndefu kuliko zote."

"Mwanangu, watu wa hapa jua wanalikimbia. Wewe unataka wakalipokee kama bwana harusi?"

"Alfajiri, Baba, bado baridi."

"Baridi gani ya kaidhi?" Kaidhi ndio msimu wetu wa joto na tende mbivu, na baridi yake ni maneno tu.

"Nipe siku hiyo moja," nikamwambia. "Watu wakija, wakaona, wakarudi wameridhika, unipeleke Nizwa nikajiandikishe."

"Na wakikucheka?"

"Hawatacheka."

"Nimekuuliza, wakikucheka?"

Nikaona macho yake. Hakuwa ananitisha, alikuwa anaogopa. Nikasema, "Wakinicheka nitakwenda kukaa kwenye duka la vitambaa la ami, nitakunja majora, na neno Nizwa hutalisikia tena kinywani mwangu."

Akasema, "Haya." Ahadi ikawa hiyo.

Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la mtaa, kwa Kiarabu changu na Kiswahili changu. Nikawaambia Jumamosi jua litaingia mlangoni mwa kaburi la kale, jambo ambalo babu zao waliliona na wao wamelisahau. Kile kipande cha mwisho, nakiri, nilikiongeza kwa utamu.

Wa kwanza kujibu alikuwa jirani yetu mwenye duka la matairi. Huyu ni mwenyeji wa Ibra, baba kwa babu, na Kiswahili anakijua cha kuombea chakula jikoni kwa Bibi. Akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza: "Nyinyi watu wa Zinjibar mlikuja na vitumbua, tukasema alhamdulillahi. Sasa mnatuletea na dini ya jua? Tutalisujudia au tutalipigia makofi tu?"

Nikamjibu hapo hapo: "Ami, jua aliliumba Mungu, na mimi nakwenda kulitazama. Ukija kusujudu, kijijini msikiti upo. Njoo na mkeka wako."

Kundi zima likajaa vicheko, lakini vilikuwa vicheko vya watu watakaokuja. Mke wake, ambaye sokoni hukaa ubavuni mwa Bibi akiuza barakoa na nyuzi, na ambaye sote tunamwita Khala, akaandika: "Mimi nakuja. Nikimtoa nyumbani yeye, nyumba itapumua."

Bibi siku ile alikuwa juu ya karai la mafuta. Nikamhadithia habari ya mlango.

"Mlangoni?" akasema bila kugeuka. "Jua la mwezi wa sita halipiti mlangoni. Linapita utosini. Geuza hicho kitumbua kinaungua."

Nikadhani anazungumzia joto. Nikageuza kitumbua.

Ruhusa niliipata kwa mlinzi wa makaburi, mtu wa kijiji kile, mwembamba, mwenye bakora na kofia ya Kiomani iliyofifia rangi. Alinipa masharti kwa vidole: hakuna kupanda juu ya mawe, hakuna kuingia ndani, hakuna moto.

"Na ngoma?" nikauliza.

"Ngoma ukapige kwenu."

"Kwetu ni hapa."

Akanitazama juu mpaka chini, akacheka kidogo kwa pua. "Basi hapa hakuna ngoma," akasema.

Jumamosi magari yalikuja, mengi kuliko nilivyotegemea. Palikuwa na mikeka, mabirika ya kahawa, sinia za rutabu, tende mbivu za mwanzo wa msimu, na visheti vya Bibi ambavyo havikufika hata saa kumi na moja. Akina mama walikaa upande mmoja wa njia, wanaume upande wa pili, na watoto walikimbizwa na mlinzi na bakora yake kila walipoligusa jiwe. Nilikuwa nimevaa kanga ya Bibi juu ya buibui, mabegani. Kichwani sikuvaa maua, nilivaa furaha tu. Nikasimama kando ya mnara mkubwa nikawaeleza yote niliyoyajua, na mengine niliyoyakisia. Baba alisimama nyuma kabisa, mikono nyuma.

Kukapambazuka. Mbingu ikawa ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ya machungwa. Sote tukautazama mlango.

Jua likachomoza pengine kabisa.

Si mbele ya mlango. Lilitokea upande wa kaskazini, mbali kule, nyuma ya bega la mlima wa pili, na lilipofika juu ya bega hilo lilikuwa limekwishapanda. Mwanga ukapiga ubavu wa mnara, ukalamba jiwe moja la ukingo wa mlango, ukapita zake. Ndani kukabaki giza kama mfukoni.

Halafu jirani wa matairi akasema kwa sauti ya pole sana, "Labda limepata pancha. Nikalete jeki?"

Mlima wote ukacheka. Wanaume walicheka, akina mama wakacheka ndani ya shela zao, hata mlinzi aligeuka upande. Sikuwalaumu, hata mimi kama si mimi ningecheka. Lakini nilipotazama nyuma nikamwona Baba. Alikuwa anaangalia kanzu yake.

Silii, nikajiambia. Wakiondoka watakwenda kuhadithia, na mimi nitakunja majora mpaka nizeeke.

Watu walimaliza kahawa, wakanipigapiga mabega. "Mwanangu, si neno, tumepata upepo wa mlimani." Magari yakateremka moja moja. Saa moja na nusu tulibaki wachache. Baba akaja.

"Twende," akasema taratibu.

"Siendi, Baba."

"Umechekwa. Wamekwenda. Umebakia kutazama nini?"

"Sijui. Lakini siku yenyewe haijesha. Nilisema siku ndefu kuliko zote, sikusema asubuhi ndefu kuliko zote."

"Ahadi yetu..."

"Ahadi tutaizungumza jua likizama."

Sikuwahi kumjibu Baba namna ile maishani mwangu. Mashavu yaliniwaka kuliko jua. Baba akamgeukia Bibi kwa matumaini. "Mama, twende wewe. Joto linakuja, na presha yako."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, kanga usoni, kibakuli cha tende mapajani. "Mie kiti nimeshakikunjua," akasema. "Kukikunja tena ni kazi."

Khala naye akamwambia mumewe atangulie na gari ya mwenzake, yeye atarudi na yake. Jirani akanong'ona kitu kuhusu wanawake na jua, akapanda gari. Baba akateremka mwisho, polepole, kama anayetaka kuitwa. Sikumwita.

Tukabaki wanne: mimi, Bibi, Khala na mlinzi, ambaye hakuwa na pa kwenda. Tukafunga turubai kwenye gari ya Khala na mti wa mgunga uliokauka nusu, tukakaa chini yake na boksi la barafu. Kufika saa nne upepo ulikuwa kama mtu amefungua tanuri usoni pako. Mlinzi alitutazama kama watu walioharibikiwa na akili, lakini laban yetu, maziwa ya mtindi, alikunywa.

Nikamwuliza Bibi, kwa uchungu kidogo, kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia. Linapita utosini. Wewe ulikuwa unageuza kitumbua."

"Nilidhani unasema joto!"

"Joto nalisema nini, nani halijui? Nimesema jua." Akavua ndara moja, akaonyesha unyayo wake. "Sisi saa ya sala tulikuwa tunaipima kwa hivi. Unasimama, unaangalia kivuli chako kimefika wapi, unakipima kwa nyayo. Unguja, mara mbili kwa mwaka, adhuhuri ikikaribia kivuli kinakwisha. Kimeliwa. Nilipokuja huku na baba yako na ndugu zake nikawa nakingoja miezi ile ile. Wapi! Kila adhuhuri kivuli kipo, kimenilalia miguuni kama paka. Nikasema, lo, nchi hii hata jua lake linasimama upande! Mpaka kikaja kiini cha kaidhi. Ndipo nikakiona kimekwisha."

"Huo ndio mwaka wa mfereji," akasema Khala akicheka.

"Mfereji gani?" nikauliza. Habari hii sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani.

Bibi akamimina kahawa kwanza. Yeye na Babu waliporudi kutoka Unguja, nchi hii ya wazee wao, walinunua kishamba cha mitende kijiji kile kile cha chini, pamoja na zamu yake ya maji ya falaji. Zamu hizo zilipimwa kwa mti uliosimikwa uwanjani. Kivuli chake kikifika jiwe fulani, maji ni yako, kikifika jiwe linalofuata, unafunga na kumfungulia mwenzako. Babu yangu alikuwa mtu wa karafuu, kivuli kile kilimshinda. Wenyeji wakawa wanamfungia maji mapema na kumwambia kivuli kimekwishapita, na yeye haya ilimzuia kubisha kwa Kiarabu chake cha msahafu.

"Nikaenda mwenyewe," akasema Bibi. "Adhuhuri, katikati ya kaidhi. Akaja bwana mmoja kutufungia. Ananiambia kivuli kimefika jiwe lake. Nikamwambia, kivuli kipi? Nionyeshe. Akauangalia mti. Mti hauna kivuli! Akaniangalia mie. Sina kivuli! Nikamwambia, basi zamu yako haijaanza mpaka kivuli kizaliwe upya, na mpaka hapo mie sitoki. Nikaingia mferejini nikasimama kwenye lile jiwe la kuzibia, maji mpaka hapa," akaonyesha goti, "na kanga yangu imelowa, na watu wamejaa. Walicheka, lo! Walicheka mpaka wakashika mitende. Sikutoka. Adhana ikalia, kivuli kikachungulia, nikatoka nikamwambia, haya sasa, chukua maji yako, Mungu akubariki."

"Yule bwana," akasema mlinzi ghafla, "alikuwa ami yangu." Akatazama kikombe chake. "Alitusimulia mpaka anakufa. Alisema mwanamke wa Zinjibar ndiye peke yake aliyemweleza saa."

Bibi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana una pua ile," akasema, akamwongezea kahawa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Bibi, ikiwa jua linapita utosini, na mnara hauna paa..."

"Sasa umeamka," akasema.

Nikakimbia mpaka mlangoni. Mawe yalichoma hata kupitia ndara. Nikalala kifudifudi, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kutazama ndani bila kuingia, nikachungulia. Ndani, kwenye ukuta wa magharibi, chini chini, palikuwa na duara la mwanga, kubwa kama sinia la pilau, lenye kingo za mapengo kama mdomo wa mnara wenyewe. Nikalitazama mpaka jicho likatoka machozi. Linashuka. Jiwe kwa jiwe, linashuka kuja sakafuni.

Nikapiga kelele. Khala akaja, akalala, naye akapiga kelele yake. Mlinzi akaja na bakora, akidhani tumeingia. Tukamlaza chini naye. Aliinuka na mchanga kwenye ndevu. Akasema miaka yake yote ya ulinzi adhuhuri ya kaidhi huwa amelala nyumbani kwake, kama watu wote wenye akili.

Ilikuwa karibu saa sita tuliposikia gari. Baba. Ameleta barafu, na amekuja kumchukua mama yake, hilo aliliweka wazi kabla hata ya kufunga mlango wa gari. Kisha akanitazama, buibui langu lote vumbi, uso umeniiva.

"Inatosha sasa," akasema.

Nikamwendea. Ningeweza kumwambia kwanza habari ya duara, na pengine ingekuwa rahisi. Lakini sikutaka. Nilitaka hili lije kwanza, kabla hajaona kitu.

"Baba, nilisema hawatacheka, wamecheka. Hapo umenishinda. Lakini dukani siendi. Nizwa nitakwenda. Usiponipeleka nitadandia na Khala Alhamisi mpaka soko la Sinaw, na Sinaw nitapanda hata gari ya mbuzi. Watanicheka na huko. Wacheke. Wewe walikucheka miaka miwili, na hukuhama darasa."

Nilidhani ananipiga kofi, yeye ambaye hajanipiga tangu kuzaliwa. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa mtoto. Sikuwa na pa kuhamia."

Roho ikaniuma, lakini neno langu sikulirudisha. Nikamshika mkono tu. "Njoo utazame."

"Nitazame nini?"

"Lala hapa."

"Na kanzu hii?"

"Na kanzu hiyo hiyo," akasema Bibi, ambaye sasa alikuwa amesimama juani nje ya turubai, wima kama mti wa uwanjani, anaangalia miguu yake. "Upesi. Mie sina kivuli tena. Kimebaki cha pua."

Baba akatazama huku na huku. Mlimani hapakuwa na mtu zaidi yetu, lakini yeye alitazama. Kisha akapiga magoti, akalala kifudifudi juu ya changarawe, kwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akaweka shavu karibu na jiwe la mlango. Mimi nikalala ubavuni mwake.

Duara lilikuwa limefika. Limesimama katikati ya sakafu, kamili, halijagusa ukuta hata upande mmoja. Vumbi letu lilielea ndani yake na kung'aa. Mawe yote yalipata mwanga uliodunda kutoka chini, kila moja, hata yale ya ndani kabisa ambayo asubuhi yalikuwa giza. Hakukuwa na kona iliyobaki nje. Tulilala vile muda mrefu. Nilikisikia kifua cha Baba kinapumua juu ya changarawe.

"Mlango," akasema hatimaye, "haukuwa huu."

"Ndiyo. Ulikuwa ule wa juu."

"Ulikosea mlango tu."

"Nilikosea mlango tu, Baba."

Kijijini adhana ya adhuhuri ikaanza. Baba akaruka kama mtoto aliyechelewa, akasema atawahi sala ya jamaa, akateremka na gari. Sisi tulisali chini ya turubai. Bibi alitangulia kukipima kivuli chake kilichozaliwa upya, kidogo kama kucha, akasema, "Haya, saa imeingia."

Yaliyotokea msikitini sikuyaona. Khala ndiye aliyenihadithia siku ya pili, naye aliyapata kwa mumewe, ambaye mchana ule alikuwa kijijini kumfungia mtu tairi. Baba aliingia safu ya mbele na vumbi limemkaa kutoka kifuani mpaka magotini, kanzu imekuwa kama gunia la unga. Baada ya sala jirani akamuuliza, mbele ya watu, "Kheri? Umeanguka?"

Na Baba, mtu ambaye huangalia kanzu yake akisikia cheko mtaa wa pili, hakuiangalia. Hakuipangusa. Alisema, "Sikuanguka. Nilikuwa nimelala chini natazama jua la binti yangu. Nyinyi mliondoka mapema."

Wakacheka.

"Chekeni," akasema. "Asubuhi mlimcheka hamjaona kitu. Sasa nimelala chini mimi. Mnicheke mimi. Na kesho adhuhuri jua lipo pale pale, atakayetaka kucheka zaidi nitampeleka kwa gari yangu."

Jumapili jirani wa matairi alipanda mlimani, peke yake, kwa siri, kumbe mlinzi ni mtu wa kusema. Alilala kifudifudi na tumbo lake lile, na kuinuka ilibidi avutwe. Mpaka leo hajakiri. Akiniona huniuliza tu, "Jua lako halijambo?" Nami humjibu, "Halijambo, Ami, linakusalimia."

Jumatatu Baba aliomba ruhusa kazini, akanipeleka Nizwa. Hatukuzungumza ahadi, wala hakusema amebadili mawazo, na mimi sikumuuliza. Cheti changu kilikuwa mapajani ndani ya mfuko wa plastiki. Sinaw tukasimama kutia petroli, jua limesimama wima juu ya kituo, mbuzi kwenye gari ya mbele wanalia. Baba akashuka, akaenda mpaka mwisho wa kile kivuli cha bati, akatoka nje kwenye jua kali, akainamisha kichwa akaitazama miguu yake. Mtu wa pampu akamcheka.

Baba akasogea hatua moja mbele, aonekane vizuri, akazidi kutazama.